Mtumbwi wa Kwanza

Mtu mzima anapoamua kujifunza jambo jipya huwa amebeba mzigo ambao mtoto hana. Mzigo huo ni heshima yake. Mtoto akianguka huinuka, akajipangusa mavumbi na kuendelea. Mtu mzima akianguka hutazama kwanza ni nani aliyemwona. Ndiyo maana chombo chake cha kwanza, kiwe kalamu, baiskeli au mtumbwi, aghalabu hakichagui kwa ajili ya kujifunzia. Hukichagua kwa ajili ya macho ya watu.

Nililiona jambo hili kwanza katika madarasa ya kisomo. Nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, na nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwezi Agosti 1975 taifa likafanya mtihani wa kuwapima watu wazima kusoma na kuandika. Wanafunzi wangu hapa Ruponda walikuwa wazee wenye wajukuu, waliokuja jioni wakitoka shambani na majembe yao begani. Niliwagawia penseli. Baadhi yao walizikataa. Walitaka kalamu ya wino, ile ya kuchomeka katika mfuko wa shati kama karani wa boma. Lakini wino haufutiki. Mzee aliyekosea herufi kwa kalamu ya wino alibaki akilitazama kosa lake mpaka taa ya kandili ikazimwa, na kesho yake hakuja. Mama aliyekubali penseli na kifutio aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, na kabla msimu wa korosho haujaisha alikuwa ameandika jina lake na la mumewe.

Basi nilipofikwa na zamu yangu ya kuwa mwanafunzi nikiwa na nywele za mvi, sikuwa mgeni wa jambo hilo.

Mwaka 1989 nilihamishiwa shule moja ya upande wa Kitunda, ng'ambo ya maji, mahali panapotazamana na mji wa Lindi. Hapo ndipo Mto Lukuledi unapoingia baharini. Familia niliipangishia nyumba mjini kwa sababu ya masomo ya watoto wakubwa, hivyo ilinipasa kuvuka kila siku. Vyombo vya abiria vilikuwapo, lakini viliondoka vilipojaa, na kengele ya shule haingoji chombo kijae. Mwalimu mkuu anayefika saa tatu hawezi kumwuliza mwanafunzi kwa nini amefika saa mbili. Walimu walikuwa wachache, watoto walikuwa wengi, na asubuhi moja ikipotea hairudi. Nikaamua kununua mtumbwi.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa bara. Maji tuliyokulia nayo hapa Ruponda ni ya kisima na ya vijito vya masika vinavyokauka kabla ya mtama kuvunwa. Kuogelea sikujua. Nilikuwa na mke, watoto watano na woga mkubwa, na sikumwambia mtu habari za woga huo.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia unatafuta chombo. Unataka cha kuvukia, au cha kutazamwa ukivuka?"

Nikamwambia nataka cha kuvukia. Akasema, "Basi tutaelewana," akanipeleka ufukweni kunionyesha vyombo vitatu vilivyokuwa vikiuzwa.

Cha kwanza kilikuwa mtumbwi mwembamba wa mwembe, mwepesi, uliochongwa kwa ustadi na kupakwa rangi ya kijani na nyekundu. Ulivutia hata ukiwa umelala mchangani. Cha pili kilikuwa mtumbwi mpana, mzito, mweusi kwa uzee, wenye kiraka cha bati ubavuni. Cha tatu kilikuwa ngalawa, yenye tanga lake na matengo yake mawili, yaani zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke.

Nilidhani atanishauri ngalawa, kwa kuwa ndiyo iliyo imara kuliko vyote. Hakunishauri hivyo. Alisema ngalawa ni masomo mawili kwa wakati mmoja: somo la kukaa majini na somo la tanga. Mtu ambaye hajajua la kwanza asifungue kitabu cha pili. Kuhusu ule mwembamba alisema ni chombo kizuri sana, ila ni cha mtu ambaye mwili wake umekwisha kujua bahari. Huyo huhisi mtumbwi unainama kabla haujainama, na kiuno chake kinajibu bila yeye kufikiri. "Wewe, Mwalimu, kiuno chako bado kinafikiri," alisema.

Akanieleza sababu, nami nazieleza hapa kwa sababu zina manufaa hata kwa asiyekusudia kuiona bahari.

Jambo la kwanza ni upana. Chombo kinapoinama upande mmoja, upande huo huzama zaidi, na maji hukisukuma kirudi juu. Kadiri chombo kilivyo kipana, ndivyo msukumo huo unavyotokea mbali na katikati na kupata nguvu ya kukirudisha. Tena tumbo la chini likiwa bapa hukaa. Likiwa la mviringo hubiringika kama gogo. La pili ni urefu. Chombo kirefu kiasi hushika njia, kifupi huzungukazunguka kila unapopiga kafi. La tatu ni uzito. Chombo kizito ni kivivu, lakini hakishtuki kwa kila kiwimbi. Hata hivyo kisizidi nguvu zako, maana maji ya bamvua katika pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ukirudi maji yakiwa yamekupwa itakubidi ukiburute juu ya mchanga na tope.

Kisha akanifundisha kukagua. Tulimimina maji ndani ya ule mtumbwi mpana ukiwa nchi kavu, tukazunguka nje kutazama yanatokea wapi. Tukagonga ubao kwa ngumi, maana mti uliooza hauitiki kama mti mzima. Tukatazama nyufa za omo na tezi, ambako jua hupasua kwanza. Mwisho akaniambia niuingie katika maji ya magotini kabla sijatoa hata shilingi. Niliingia. Ukatikisika, ukatulia. Nikaununua ule mpana wenye kiraka cha bati, na vijana waliokuwa wakitengeneza nyavu wakacheka, wakaupa jina la Meza ya Mwalimu.

Ule mwembamba ulinunuliwa na mwalimu mwenzangu mmoja, hodari wa hesabu na mtu mwenye kujipenda. Ulimpindua mara tatu katika juma moja, mara ya mwisho akiwa amevaa suruali ya mshahara. Akauacha chini ya mnazi, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Kujifunza kwangu kulichukua miezi miwili. Nilianza mwishoni mwa mwaka, upepo wa kusi ukiwa umeisha nguvu na kaskazi haujachachamaa, tena asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Mwalimu wangu hakuwa yule mzee. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano katika shule yangu, mtoto wa mvuvi, aliyenitazama siku moja nikihangaika na kafi, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, usiketi juu hivyo. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Mwalimu mkuu mzima nikapiga magoti mbele ya mtoto ambaye darasani hakuwa akiweza kugawanya kwa tarakimu mbili. Mtumbwi ukatulia pale pale, kwa kuwa uzito ulishuka chini. Akaniambia nisitazame maji yaliyo karibu, nitazame mnazi wa ng'ambo. Akanifundisha kuupindua mtumbwi kwa makusudi katika maji ya kifuani, kuushika, kuutoa maji kwa kopo lililofungwa kwa kamba, na kuupanda tena. Alisema mti haukuachi: mtumbwi uliojaa maji bado unaelea, basi usiuache ukajaribu kuogelea. Juma lililofuata tulirudi darasani kwenye kugawanya, na nilikumbuka jinsi alivyonivumilia. Nilifundisha miaka ishirini na zaidi baada ya hapo, na kila nilipomwona mwanafunzi mzito nilijiuliza kwanza amepewa chombo cha upana gani.

Mambo haya yangebaki hadithi za kuwasimulia wajukuu kama si binti yangu wa tatu.

Binti huyu anaishi Durban, Afrika Kusini, ambako alikwenda na mumewe kutafuta maisha. Mwaka 2021 mumewe akafariki. Tulimwita arudi nyumbani, hakutaka. Alikwenda kazini, akarudi, akafunga mlango. Sauti yake katika simu ilikuwa imenyauka kama jani la muhogo wakati wa kiangazi. Alijibu "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba", basi. Mzazi aliye mbali anaijua namna hiyo ya kujibu, na anajua kwamba nauli ya basi haiwezi kuitibu.

Ikapita miaka miwili. Jioni moja akapiga simu mwenyewe.

"Baba, nataka kujifunza kupanda mawimbi."

Mji wa Durban unajulikana kwa mchezo huo. Watu husimama juu ya ubao, wimbi likawachukua mpaka ufukweni. Mama yake aliyekuwa karibu nami alisema, "Mjane wa miaka arobaini, bahari ya nini?" Mimi sikusema kitu kwa kitambo, kwa sababu nilikuwa nikiisikiliza sauti. Ilikuwa na maji ndani yake.

Akanitumia picha mbili katika simu. Mbao zote mbili zilikuwa zimekwisha kutumika na zikiuzwa kwa bei moja. Wa kwanza ulikuwa mfupi, kama futi 6, mwembamba, mweupe, wenye ncha kali kama jani la mkonge. Wa pili ulikuwa mrefu, futi 8 na nusu, mpana, mnene, wa sponji ngumu, wenye pua ya mviringo kama ulimi wa ng'ombe.

"Huu wa pili ni wa watoto, Baba. Na wewe uliwahi kununua mtumbwi. Nichukue upi?"

Nilijua kwamba anauliza zaidi ya ubao. Akichukua usiomfaa angepinduka juma moja, mawili, kisha angerudi nyumbani na kufunga mlango, na safari hii angekuwa na sababu nyingine ya kuufunga.

Siujui mchezo ule kwa mwili wangu, lakini nilimwuliza maswali ya yule mzee, na nikayapata majibu yale yale kwa waujuao. Ubao mrefu, mpana na mnene una ujazo mkubwa, hivyo unaelea zaidi chini ya mwili. Unapopiga makasia kwa mikono ukiwa umelala kifudifudi, unashika mwendo mapema, na wimbi dogo linakuchukua kabla halijavunjika. Ukijaribu kusimama, upana unakusamehe mguu uliotua si mahali pake. Ubao mfupi unataka wimbi lenye nguvu, mabega yaliyozoea na miguu isiyofikiri. Wenye ujuzi wanaupenda kwa sababu unageuka upesi, na huko kugeuka upesi ndiko kunakomwangusha anayeanza. Tena sponji ikikupiga kichwani haiumizi kama ubao mgumu, na aliye karibu nawe majini naye ana kichwa.

Kuna jambo jingine nililomweleza, maana mwalimu hawezi kujizuia. Mchezo huu ni wa kale miongoni mwa watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 1769 Joseph Banks, Mwingereza aliyesafiri na nahodha James Cook, aliwaona watu wa Tahiti wakipanda mawimbi makubwa kwa kutumia tezi la mtumbwi mkuukuu. Watu wa visiwa vile, mpaka Hawaii, ni wa ukoo mmoja wa lugha na wa mabaharia wa Indonesia na Madagaska, na wataalamu wengi wanaona kwamba matengo ya ngalawa zetu yalifika pwani hii kwa mkono wa mabaharia hao. Kwa hiyo ubao wa Durban na ngalawa ya Lindi si wageni kwa kila mmoja. Nami nimewaona watoto wa pwani yetu, upande unaotazama bahari kuu, wakilalia kipande cha ubao na kurudi na wimbi wakipiga kelele za furaha. Hakuna aliyewauzia, wala hakuna aliyewaambia kipande chao ni cha aibu.

"Watanicheka, Baba," alisema.

Nikamkumbusha habari za kwetu Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walikuwa wameizunguka nchi kwa wiki chache tu, kisha wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yakaletwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa reli kutoka pwani. Chombo kikubwa kilinunuliwa kabla ya mtu kujua udongo unasemaje na mvua inakujaje. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, ukiwa umekwisha kumeza pauni zipatazo milioni 36, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bibi yake mzaa baba alikuwa akilima karanga wakati wote huo kwa jembe la mkono, robo ekari, na alivuna. Hakuna aliyemtazama alipokuwa akilima, na hakuhitaji kutazamwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "atakayekucheka leo atakucheka siku moja. Ubao utakaa nao mwaka mzima."

Mengine niliyomwambia yalikuwa machache. Aende na mwalimu, si peke yake. Aanzie fukwe tulivu, penye waokoaji, na awaulize wapi mkondo unarudi baharini. Na ukimchukua asishindane nao, aukate kwa ubavu mpaka autoke. Kamba ya ubao aifunge mguuni kila mara. Ajifunze kuanguka kabla ya kujifunza kusimama. Na asiuache ubao, kama mimi nilivyoambiwa nisiuache mtumbwi, kwa kuwa ndio unaoelea.

Alinunua ule mrefu. Kwa majuma mengi habari zake zilikuwa za maji ya chumvi puani na magoti yaliyochubuka. Kisha Jumapili moja akapiga simu asubuhi mno, mpaka mama yake akadhani kuna msiba.

"Nimesimama, Baba. Kidogo tu, kisha nikaanguka. Lakini nilisimama."

Mama yake alichukua simu, akamwuliza kama maji yalikuwa baridi. Wakazungumza hadi chai ikapoa.

Watu huniuliza mwanafunzi akae na chombo chake cha kwanza mpaka lini. Jibu langu ni kwamba akae nacho mpaka kiwe kinamchosha kwa uvivu wake. Siku utakapopiga kafi na kuona mtumbwi unachelewa nyuma ya mkono wako, umekwisha kuuzidi. Tafuta mwembamba, na hakuna atakayekuzuia. Lakini uchovu huo uwe wa mkono wako, usiwe wa macho ya jirani. Binti yangu bado yuko kwenye ule mrefu, na hana haraka.

Vilevile chombo cha kujifunzia kina sifa moja ambayo chombo cha fahari hakina: kinarithishika. Kile cha fahari kinamfaa bingwa mmoja, naye akishakichoka hukiweka ukutani. Cha mwanafunzi kinamfaa kila anayeanza, na wanaoanza hawaishi. Nilipopata uhamisho mwaka 1993, Meza ya Mwalimu ilinunuliwa na mwalimu kijana aliyekuja kutoka bara, naye hakujua kuogelea. Nilimwuzia kwa bei ile ile niliyonunulia, kafi na kopo juu yake, nikamwonyesha kiraka cha bati mahali kilipo, na kabla hajanipa fedha nikamwambia aingie kwanza katika maji ya magotini.